Betri Itakuja Peke Yake

Nairobi, Eneo la Viwanda
3 Februari 2025

Baba mpendwa,

Usishtuke kuona barua. Najua simu unayo, na najua pia kwamba nikikupigia unaiweka spika ili duka zima pale Kedowa lisikie "simu ya ndege". Haya ninayokuandikia si ya duka. Yasome ukiwa peke yako, uyatafakari, ndipo utoe hukumu.

Nimeacha kazi kule Ujerumani. Sikufukuzwa. Niliwaandikia mwenyewe kwamba naondoka, wakanisihi nibaki, nikakataa. Niko Nairobi tangu Novemba. Krismasi nilipokwambia kwamba kuna baridi, nilikuwa South B, hapa hapa Nairobi, jua likinichoma.

Wewe huwaambia watu natengeneza ndege. Nilianza na ndege kweli, lakini miaka yangu ya mwisho nilikuwa kwenye setilaiti, na ndani ya setilaiti nilikuwa mtu wa betri. Setilaiti hupata umeme kutoka kwa jua. Ikizunguka dunia, kuna wakati inaingia kwenye kivuli, na hapo inaishi kwa betri tu. Betri ikifa, kile chombo kinageuka takataka inayoelea. Kwa hiyo tulikuwa chumba kizima cha wahandisi, watu waliosoma mpaka macho yakauma, tukihangaikia kivuli.

Sasa sikia kilichonitoa. Mwaka juzi nilipokuja likizo, stima ilipotea Jumatatu ikarudi Alhamisi. Nilikuuliza nani anashughulikia. Ukaniambia, "Zoea tu." Baba, mimi nilikuwa nalipwa ili chuma kilichoko angani kisikae gizani hata kidogo, halafu mama yangu ndiye azoee? Nilirudi Ujerumani nikajaribu kuzoea. Nimeshindwa, na sioni haya kushindwa hapo.

Tumefungua karakana, mimi na mwenzangu Owino ambaye ni fundi wa umeme. Tunaunda betri kubwa ya ukubwa wa kabati la nguo. Inajazwa na jua mchana, na stima ikiwepo inajazwa na stima. Ya kwanza nataka iwekwe nyumbani, katika kile kibanda cha mabati ambamo mama na wenzake wanatengenezea chai. Kibanda kiko ndani ya boma lako, ndiyo maana naomba ruhusa yako.

Mama usimwambie bado. Alifunga na kuomba ili nipate ile kazi. Akisikia nimeiacha atalia.

Mwanao,
Nyambeki


Kedowa
11 Februari 2025

Nyambeki mwanangu,

Barua yako imefika, nimeisoma nikaimaliza, na baba yako hajaiona.

Usimlaumu Nyagaka wa ofisi ya vifurushi. Juu ya bahasha uliandika "Kwa Baba, nyumbani kwa Bogonko". Nyagaka ni mama wa kwetu Kisii, na wewe unajua au ulipaswa kujua kwamba kwa Ekegusii mzazi mwanamume ni tata, na baba ni mama aliyekuzaa. Nyinyi mliokulia kambi ya chai kwa Kiswahili mmesahau. Nyagaka alinipa mkononi akasema, "Baba, mtoto amekukumbuka." Nikafungua kwa haki yangu yote.

Ati nitalia. Nililia kidogo nikimenya viazi. Viazi vikaisha, machozi nayo yakaisha, nikarudi kusoma tena pale pa kibanda.

Sasa nisikilize. Tulipoacha kuuza majani mabichi tukaanza kutengeneza chai yetu wenyewe, wanaume wa hapa walicheka. Waliuliza ni nani atakunywa chai ya wanawake wanane na mashine moja ya kusokota majani. Leo chai yetu inanywewa mpaka Nairobi ikiwa na jina letu, na wao wamenyamaza. Adui aliyebaki ni stima. Majani yakichumwa tunayatandaza juu ya waya, feni zinapuliza kutoka chini ili yanyauke polepole. Stima ikipotea feni zinasimama, majani yanajipasha moto yenyewe, yanageuka mekundu na kunuka. Wiki jana tumemwaga shimoni kazi ya siku nzima. Waringa, jirani yetu na mmoja wa sisi wanane, alifanya mzaha, akasema hilo shimo ndilo linakunywa chai nzuri kuliko mtu yeyote Kericho. Lakini nilimwona akigeuka kujifuta uso.

Kwa hiyo ilete hiyo betri. Umeomba ruhusa ya baba, na baba amekubali.

Huyo mwingine niachie mimi. Nitamwambia kwa wakati wake, akiwa ameshiba.

Wako,
Esnah, baba kwa Ekegusii, mama kwa Kiswahili


Nairobi
17 Februari 2025

Mama,

Nimecheka mpaka Owino akaja kuuliza kama niko sawa. Nilipomweleza, akasema huko kwenu mtu anaweza kuzikwa kwa jina la mwingine.

Nahitaji kitu kimoja. Kila feni ina kibati kidogo ubavuni chenye namba. Ninakilie zote unitumie, ndipo nijue betri iwe na nguvu gani. Na tafadhali mwambie Baba upesi, kabla hajasikia kwa watu. Umesema utangoja ashibe, lakini Kedowa hakuna jambo linalongoja mtu ashibe.

Mwanao,
Nyambeki


Kedowa
2 Machi 2025

Kwa Nyambeki,

Habari zako nimezipata kwa Muchiri. Muchiri yule wa stendi, anayefufua betri za magari kwa maji ya asidi, ambaye hana suruali isiyo na matundu. Mama yako alivunja miwani, akamwita amsomee namba za feni. Muchiri akanijia mbele ya watu, kofia mkononi, akaniuliza kwa heshima zote: "Mzee, nasikia yule wa ndege sasa ni fundi wa betri kama mimi. Akikuja tutagawana aje wateja?" Watu walicheka. Nikacheka nao, kwa sababu ningefanya nini.

Jioni mama yako akanieleza yaliyobaki. Kwamba barua iliandikwa kwangu, ikasomwa na yeye, ikajibiwa na yeye. Inaonekana mimi ndiye niliyeolewa katika boma hili.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Unajua nilifanya kazi shamba la chai, na mkiniuliza kazi gani nilikuwa nawajibu "usalama". Usalama wenyewe ulikuwa huu. Katikati ya chai kulikuwa na kipande cha nyasi ambapo ndege ndogo ya wakubwa ilikuwa ikitua. Nikiisikia inakuja, napuliza filimbi, nakimbia na fimbo, nafukuza ng'ombe wa watu watoke njiani. Ndege inatua, wakubwa wanashuka, wananipita. Nilifanya kazi hiyo mpaka nywele zikaanza mvi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza jina. Nilikuwa nikisimama pale pembeni na jasho langu nikisema moyoni: mimi sitaingia humo, lakini mtoto wangu ataijua ndege mpaka msumari wa mwisho. Ulipopata kazi ya Ujerumani nilipanda gari nikaenda kule shambani. Sikuwa na shughuli yoyote. Nilitembea nikasimama katikati kabisa ya uwanja, mahali nilipokuwa nakatazwa kusimama.

Sasa wewe unashuka kutoka huko uliko kuja kukaa benchi moja na Muchiri. Hilo silitaki. Betri haipiti geti langu. Isitoshe, nasikia zinalipuka. Geti ni langu na ufunguo ni wangu. Wewe karibu nyumbani siku yoyote, lakini usikanyage hapa ukiwa na betri.

Baba yako,
Bogonko


Nairobi
9 Machi 2025

Tata,

Safari hii nimeandika kwenye bahasha "Kwa Tata Bogonko, mwenyewe, mwanamume", ili Nyagaka asipate shida.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Habari ya uwanja sikuwa naijua. Imeniuma sana, na nimewakasirikia watu hao ambao sitawahi kukutana nao. Kisha nimekukasirikia wewe, na nitakwambia kwa nini.

Unadhani kule nilikuwa nimekaa wapi? Nilikuwa katika chumba kisicho na dirisha. Wakubwa walikuwa na chombo chao huko juu, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachokizuia kupita. Kikipita salama, walipongezana wao kwa wao. Katika sherehe yetu ya mwisho mkubwa mmoja alisoma majina ya waliofanya kazi. Alipofika kwa langu alijaribu mara mbili, akacheka, akaliruka. Watu wakapiga makofi. Tata, nilikuwa nafukuza ng'ombe. Mimi nilikuwa na digrii mbili na kiyoyozi, basi, lakini kazi ilikuwa ile ile yako, na nilisimama pembeni kama wewe.

Kwa hiyo usiniambie nimeshuka. Niliweka filimbi chini nikaondoka, na ningefurahi sana kama wewe, kuliko watu wote, ungenielewa.

Kuhusu kulipuka: kazi yangu kule ilikuwa kuziua betri. Nilizitoboa kwa misumari, nikazichoma, nikazitikisa mpaka zikapasuka, ili tujue zinavyokufa. Aina ninayoiweka kwa mama niliichagua kwa sababu ni kaidi. Ukiitoboa inatoa moshi kidogo na kununa. Ilinishinda, na nilijaribu kwa moyo wote.

Kuhusu Muchiri: nitakaa naye benchi moja. Magari ya umeme yanakuja, na asidi yake itakosa wateja bila mimi kumgusa. Mwambie nikija nitamfundisha hizi mpya. Na mwambie avae kofia yake, hakuna aliyemkosea hapa wala yeye hajamkosea mtu.

Umesema nisikanyage hapo nikiwa na betri. Wewe ni baba yangu na amri yako nitaitii neno kwa neno. Sitakuja nayo. Betri itakuja peke yake, tarehe ishirini na saba, ndani ya lori la Owino.

Mwanao,
Nyambeki


Kedowa
15 Machi 2025

Nyambeki,

Barua nimeipata. Nyagaka aliisoma ile bahasha kwa sauti, ofisi nzima ikasikia.

Nimenunua kufuli jipya.

Bogonko


Kedowa
4 Aprili 2025

Nyambeki mwanangu,

Owino atakuwa amekusimulia, lakini yeye ni mtu wa heshima na atakuwa ameruka mahali patamu.

Siku hiyo baba yako aliamka kabla yangu. Akavaa koti la kanisa, akabeba kiti mpaka getini, akakaa. Ufunguo aliutia ndani ya soksi. Lori lilipofika Owino aliteremka akamsalimu vizuri, na baba yako akaitikia vizuri. Akamwuliza habari za safari, mvua ikoje huko, wazazi wako hai. Kisha akamwambia, "Hii geti haifunguki leo." Owino akasema, "Sawa, mzee," akazima gari. Baba yako akaniita nimletee mgeni chai, maana mgeni ni mgeni, na mimi nikampitishia Owino kikombe kati ya vyuma vya geti kama mtu aliye jela. Sijui ni nani kati yao alikuwa jela.

Sisi wanawake tulikuwa kibandani tukitazamana. Waringa ndiye aliyesema kwanza. Akasema, "Kwani hii boma iko na upande moja tu?" Shamba lake na letu yametenganishwa na ule ua wa kaiyaba, ule wa miiba tulioupanda tulipohamia hapa. Mwenzetu Mama Chelang'at, ambaye kwake b ni p, akauliza, "Hii petri iko na miguu? Haina. Basi miguu ni sisi." Akaenda kuchukua panga.

Baba yako alisikia panga. Kutoka getini huwezi kuona upande ule, unasikia tu. Akapaza sauti, "Esnah, hiyo ni nini mnakata?" Nikamwambia ni kuni. Mwanangu, alijua. Lakini angefanyaje? Akiondoka getini lori linaweza kuingia, akibaki ua unakwisha. Nilimwona akiinuka nusu, akakaa tena, mkono umeshika soksi. Owino akageuza gari polepole, akamuaga kwa heri, akazunguka kwa Waringa na kupita juu ya viazi vyake. Waringa alisema viazi vitaota vingine. Betri ilifunguliwa vipande vipande, kila kipande tukakibeba kwa blanketi, mwanamke kila pembe, miiba ikituchana mikono. Tulipomaliza mtu mmoja alianza wimbo na wote tukamfuata.

Baba yako aliendelea kulinda geti. Nilimpelekea chakula cha mchana pale pale. Akala.

Juzi stima ilipotea. Posho mill ya kusaga unga ilinyamaza, redio ya dukani ikanyamaza, na sisi kwa mazoea tukasimama kukimbilia majani. Feni hazikusimama. Tulibaki tumeduwaa, wanawake wazima, tukisikiliza feni. Chai ya siku hiyo nimekuwekea. Ni nyeusi, safi, na harufu yake ni tamu kuliko zote tulizowahi kutengeneza, na sisemi hivyo kwa sababu ni yako.

Lakini kuna hili, na sitakuficha. Baba yako hajasema nami tangu siku ile. Anakula, anasali, analala. Asubuhi anakwenda kusimama penye lile pengo anaangalia, anarudi. Kwa betri sina majuto hata kidogo na ningeukata ua huo tena kesho. Ila naogopa, Nyambeki, kwamba tuliyemkata ni yeye. Uliniuliza kwa simu kama ukija Pasaka atakufungulia. Sijui. Ningekuwa najua ningekwambia.

Mama yako,
Esnah


Kedowa
12 Aprili 2025

Nyambeki,

Nimesikia ulimwuliza mama yako kama ukija Pasaka nitakufungulia. Mambo ya geti uniulize mimi.

Neno langu halijabadilika. Nilisema betri haitapita geti langu, na haikupita. Nililinda mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka jioni, na hakuna mtu Kedowa anayeweza kusimama akasema ilipita. Hilo geti bado limefungwa kwa kufuli jipya. Ufunguo ninao.

Barua yako ya Machi nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukwambia. Yule mtu aliyeruka jina lako, ningemjua ningekwenda kwake. Nyambeki ni jina la mama yangu mzazi. Si gumu. Mtoto anayeanza kusema hulisema. Nimekuwa nikiwaambia watu miaka yote kwamba uko mahali pakubwa, na sikuwahi kujua kwamba huko pakubwa walishindwa na jina la mama yangu. Hilo limenikosesha usingizi kuliko ua.

Sasa kuhusu ua. Waringa amekuja kuniuliza nitaupanda lini, maana mbuzi wake wanavuka. Kaiyaba huchukua miaka kufunga na mimi si kijana. Nilimwita Muchiri kwa sababu anajua pia kuchomelea. Tulipima lile pengo, tukaona lori linapita bila kugusa. Jumatano tumeweka geti. Mara ya kwanza Muchiri alichomelea bawaba upande usiofaa, tukagombana, tukarudia. Stima haikuwepo siku hiyo. Alivuta waya kutoka upande wa kibanda. Sikumwuliza umeme ameutoa wapi, na yeye hakuniambia.

Mama yako alikuja kutazama. Akaniuliza kama hili nalo nitalinda. Nilimjibu, kwa hiyo tunazungumza.

Geti la zamani ni la neno langu, na litabaki hivyo nikiwa hai. Ukija Pasaka usijisumbue kusimama hapo. Mwambie dereva azunguke kwa Waringa, aingie na hili jipya, na kama umebeba betri nyingine ni shauri lako, sitakuwa upande huo kutazama. Usipige honi wala kuita mtu. Hakuna atakayekufungulia, kwa sababu halifungwi.

Bogonko